Kuku wa Ijumaa

2 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Kuku walioletwa walikuwa wamelowa chapachapa, na kuku aliyelowa akiwa hai ananuka kuliko aliyekufa. Nimeanza kuandika kwa sababu mke wangu amechoka kunisikiliza. Amesema, "Baba Pacha, kama una maneno mengi hivyo, tafuta daftari." Nimelitafuta, hili hapa.

Kazi yangu ni kuchinja. Kiwandani kuna mnyororo unaozunguka juu, umejaa kulabu. Kuku anatundikwa miguu juu kichwa chini, anafika mbele yangu, namshika kichwa kwa mkono wa kushoto, nataja Jina la Mungu, nakata. Halafu mwingine. Jukwaani tuko wawili, mimi na shemeji yangu, kaka yake Mama Pacha, ambaye ndiye aliyeniingiza kazini miaka minne iliyopita. Kila mmoja anachinja elfu tatu kwa siku. Maana yake namtaja Mungu mara elfu tatu kwa siku, kuliko sheikhe yeyote ninayemjua, na nikiwa ndani ya buti zilizojaa damu.

4 Machi

Mvua. Soksi hazikauki.

6 Machi, Ijumaa

Siku ya Ijumaa kila mfanyakazi anapewa kuku mmoja. Wangu hafiki nyumbani. Namchinja kwa mkono wangu asubuhi, namfunga uzi mguuni asichanganyike na wengine, na saa kumi jioni nampelekea mama.

Mama anakaa nyuma ya soko, chumba kimoja na baraza ndogo. Ana miaka sabini na minne na jicho moja lina mtoto wa jicho. Kwa miaka kumi na mmoja hakula kuku kabisa. Sababu ni kwamba alinunua kuku dukani, akaapiwa kwamba kachinjwa, na alipomgeuza ili amkate akakuta shingo nzima haina hata mkwaruzo. Alikuwa amekufa kifo chake, wakamnyonyoa wakamuuza. Kwa mama nyamafu si uchafu wa tumboni tu. Alitapika siku mbili, akafunga siku kumi, akasema basi, kuku na yeye mwisho. Nilipopata kazi hii alinishika mikono yote miwili, akaichunguza kama mtu anayechagua nyanya, akaniambia, "Sasa nitakula. Mkono wa mwanangu naujua."

Anakula polepole, anavunja mifupa, anafyonza. Ndiyo saa pekee katika wiki nzima ambayo nikimtazama kuku sisikii kichefuchefu.

11 Machi

Nataka kuliandika hili polepole maana silielewi.

Leo kama saa tano, mnyororo ukienda kawaida, nilitaja Jina nikasikia sauti yangu mwenyewe. Ni hilo tu lililotokea. Nilikuwa kama mtu aliyekuwa akiongea kwenye simu kwa muda mrefu, akagundua kwamba upande wa pili ulishakatika zamani. Nikataja kwa kuku aliyefuata, nikasikiliza. Hamna kitu. Nikataja kwa sauti kubwa zaidi, shemeji akanigeukia akadhani nimejikata kidole.

Hakuna aliyekufa nyumbani kwangu. Sijasoma kitabu cha mtu, sijagombana na mtu msikitini. Maneno yameisha mdomoni mwangu kama sabuni inavyoisha mkononi. Adhuhuri niliinama na wenzangu kwenye chumba cha swala ambacho Tajiri, mwenye kiwanda, alitujengea, nikajikuta nahesabu vigae. Thelathini na sita, kimoja kimevunjika. Baada ya swala nikarudi jukwaani nikachinja elfu moja na mia tano.

Chuoni, kwa mwalimu wa dini, tulifundishwa wazi, na sikuwa mtoro: anayechinja lazima awe mtu wa imani. Kisu cha asiyeamini, hata akitaja Jina mara mia, kinatoa nyamafu. Kwa hiyo tangu saa tano ya leo mimi natengeneza nyamafu, na kila mmoja anapigwa muhuri wa halali.

12 Machi

Labda ni uchovu.

13 Machi, Ijumaa

Si uchovu. Nimempelekea mama kuku wake. Amekula, akanifungia paja niwapelekee pacha wangu. Njiani nimelitupa mtaroni.

17 Machi

Nimemuuliza shemeji. Tulikuwa tunanoa visu kabla ya mnyororo kuwashwa, yeye akiwa ameketi juu ya kreti, anatema mate kila akimaliza upande mmoja wa kisu.

"Shemeji, ukitaja Jina pale juu, unamtajia nani?"

"Namtajia kuku."

"Sitanii."

"Wala mimi sitanii. Kuku akisikia anatulia." Akatema. "Una nini wewe? Wiki nzima una sura ya mtu aliyemeza nzi."

Nikamwambia. Sikumwambia yote, ila ya kutosha. Nilidhani atashtuka, labda atashuka jukwaani aniache peke yangu. Alipitisha kidole gumba kwenye makali akasema:

"Sikiliza, shemeji. Unaziona buti hizi? Sakafu imelowa, ndiyo maana nimevaa. Sijazivaa kwa sababu buti ni za kweli. Nimezivaa nisianguke. Nikiwa na Mungu silewi, simwibii Tajiri, nalala usingizi, na wateja wanatuamini. Sasa wewe unataka nini zaidi ya hapo?"

"Nataka kujua kama yupo."

"Ukishajua mnyororo utasimama?"

Kengele ikalia. Siku nzima nilikuwa namsikia pembeni yangu akitaja, akitema, akitaja, akitema. Miaka minne nimesimama kando ya mtu huyu nikimwona mcha Mungu, kumbe anavaa. Chakula cha mchana alikula mbele yangu na kucha zenye damu iliyoganda, akanikaribisha, nikasema nimeshiba.

20 Machi, Ijumaa

Mama amekula. Kabla ya kula aliniombea dua ndefu, mkono uliokata upone, ubarikiwe, usipungukiwe. Mkono wenyewe nilikuwa nimeukalia.

23 Machi

Bwawa la maji machafu nyuma ya kiwanda limejaa kwa mvua na limeanza kurudi ndani. Vichwa vinaelea hadi mlangoni.

25 Machi

Leo amekuja Sheikhe wa Muhuri. Ndivyo tunavyomwita. Huja mara moja kwa mwezi kukagua, na kiwanda kikimridhisha, muhuri unaendelea. Amevaa kanzu nyeupe pe, viatu amevifunika kwa mifuko ya plastiki, leso puani. Anaangalia kutokea mlangoni. Simlaumu, hata mimi ningeangalia kutokea mlangoni.

Nilimfuata alipokuwa ananawa.

"Sheikhe, nina swali. Mchinjaji akiwa moyoni hana imani, nyama yake inakuwaje?"

"Unamjua mchinjaji wa namna hiyo?"

"Nauliza tu."

Alikausha kidole kimoja kimoja. "Mdogo wangu, sisi tunahukumu ulimi. Anayesema naamini, kwetu anaamini. Tukianza kupasua vifua vya watu hatutakula, hatutaoa, wala hatutaswali nyuma ya mtu."

"Na kama ulimi wenyewe unadanganya?"

"Basi huo ni mzigo wa mwenye ulimi, si wa mlaji." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Watu wengi wanakula kupitia hapa. Liheshimu swali lako, usiliachie litembee ovyo."

Msimamizi alikuwa amemfungia kuku wanne. Alikataa wawili.

Nimelifikiria jibu lake jioni nzima. Si jibu la kijinga. Ni kweli hatuwezi kupasua vifua. Lakini mimi kifua nisichohitaji kukipasua ni changu, na kilichomo nakijua, na yeye alishajua kwamba nazungumza habari zangu. Alinitazama machoni, akaona, akapiga muhuri. Hilo ndilo linalonitia kinyaa. Laiti angenifukuza ningembusu mkono.

27 Machi, Ijumaa

Mama amekula. Mimi kwa wiki ya pili siwezi kula nyama ya aina yoyote. Hata mayai.

1 Aprili

Tajiri ametukusanya. Zabuni mpya imepatikana, mnyororo utaongezwa mwendo, kila mchinjaji atafanya elfu tano. Shemeji akauliza mdomo utawezaje. Tajiri akatabasamu, maana jibu alikuja nalo. Ameleta spika mbili kubwa, zitafungwa juu ya jukwaa, na simu ya Msimamizi itacheza sauti iliyorekodiwa ya msomaji mmoja mwenye sauti nzuri, anataja Jina mfululizo bila kuchoka. Sisi kazi yetu mikono tu.

"Huyo anaamini kuliko ninyi wote," alisema Tajiri, na watu wakacheka.

Nitakuwa mkweli. Nilifurahi. Niliona imani ya mtu mwingine imekuja kunifunika kama mwavuli. Mchana spika zilipowashwa nilichinja nikiwa kimya, mara ya kwanza tangu niajiriwe, na sauti ile ilikuwa nzuri kweli, ikakaribia kunitoa machozi.

3 Aprili, Ijumaa

Mama: "Wa leo umemtaja vizuri?" Anauliza kila wiki, ni mazoea yake. Nikasema ametajwa vizuri. Mama amekula.

9 Aprili

Sijui kama nicheke au nikajitupe bwawani na vichwa vya kuku.

Kama saa nne Msimamizi aliondoka kwenda kunywa chai, simu akaiacha ofisini imeunganishwa na spika. Ile rekodi ikaisha. Simu, kwa akili zake yenyewe, ikaruka kwenye video nyingine. Akatokea jamaa anauza mabati. Mabati ya rangi, mabati ya migongo mipana, yasiyopitisha maji, yasiyoshika kutu, piga simu sasa uletewe mpaka mlangoni. Alizungumza dakika ishirini, kwa spika mbili kubwa, juu ya vichwa vyetu.

Hakuna aliyeinua uso. Wanaotundika walitundika, wanaonyonyoa walinyonyoa. Shemeji alikuwa akitikisa kichwa taratibu kama anavyotikisa kwenye rekodi yenyewe. Mimi nilisikia kuanzia neno la kwanza. Nilisikia, nikaelewa, na mkono wangu ukaendelea. Hapo ndipo pananiuma. Nilikuwa mtu pekee mle ndani aliyejua kwamba mamia ya kuku wanakufa kwa jina la mabati, nami nikawakata wote waliopita mbele yangu, safi, bila kukosa hata mmoja.

Msimamizi aliporudi akazima mbio. Tukaitana pembeni, yeye, shemeji na mimi. Akasema maneno yalitajwa asubuhi mwanzoni, nia ilikuwepo, inatosha kwa siku nzima. Shemeji akasema, "Angalau nyama ya leo haitashika kutu." Wakacheka. Nami nikacheka, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaenda nyuma ya pipa la manyoya nikatapika chai yote.

10 Aprili, Ijumaa

Nimemwambia mama kwamba wiki hii hawakugawa kuku. Amesema si neno, amekula maharage. Nimekaa naye nusu saa nikaondoka.

14 Aprili

Nimeingia ofisini kwa Tajiri. Niliacha buti mlangoni, nikaingia na soksi zilizolowa, nikaacha alama kwenye zulia lake.

Lazima niseme kwamba mtu huyu nilikuwa namheshimu. Ana alama ya sijda kwenye paji la uso, hajawahi kuchelewesha mshahara wa mtu, na mfanyakazi akifiwa anafika mazikoni yeye mwenyewe, hamtumi dereva. Nilimwambia yote, kuanzia tarehe kumi na moja mwezi wa tatu mpaka mabati. Nilisema, "Tajiri, siamini. Kuku wote niliochinja tangu siku ile si halali kwa wanaoamini. Nimekuja kukwambia, kwa sababu wewe unaamini."

Aliinuka akafunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Shemeji. Na Sheikhe nilimuuliza kwa mbali."

"Wakasema?"

"Ninyamaze."

"Watu wenye akili." Akakaa. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Wewe ndiye mchinjaji wangu bora. Kuku wako hawateseki, nimewatazama. Nina watu mia na ishirini humu ndani. Mtu analeta kuku nyumbani, mke anapika, wanakula, wanamshukuru Mungu. Mungu ameshukuriwa. Hiyo shaka yako ikitoka nje ya mlango huu, nani atashukuru zaidi?"

"Lakini wanadhani ni kitu kingine."

"Wanadhani ni halali, na wakidhani hivyo wanakuwa watu wazuri zaidi. Kazi ya imani si hiyo?" Akasugua alama yake kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unafikiri ni wewe tu? Mimi kuna miaka. Si siku, miaka. Naswali nikiongea na ukuta. Lakini nilipokuwa siswali nilikuwa mwizi, na sasa si mwizi. Nikachagua."

Mtu mwingine angemhurumia. Najua alinipa kitu ambacho hajampa mkewe. Lakini nilikuwa namtazama mdomo, na nilichofikiri ni kwamba kiwanda kizima, kuanzia spika mpaka muhuri, hakina mtu hata mmoja upande wa pili wa simu, na kila mmoja anamhakikishia mwenzake kwamba laini iko safi. Nilisikia kinyaa kikinipanda mpaka kwenye meno.

Nikamwomba anihamishie kwenye matumbo. Alidhani nimerukwa na akili. Ni kazi ya mwisho kabisa kiwandani na mshahara wake ni mdogo. Amekubali, kwa sharti nifunge mdomo.

15 Aprili

Matumbo. Unapasua firigisi, unatoa mchanga na ngozi ya njano, unasuuza, unatupa ndooni. Nanuka kuliko zamani. Angalau ninachokishika ndicho ninachosema nimekishika.

17 Aprili, Ijumaa

Leo nimefanya jambo baya kuliko yote ya msimu huu, na nitaliandika bila kulipaka rangi.

Nilipewa kuku wangu wa Ijumaa. Alichinjwa na shemeji chini ya spika. Niliwaza kutompeleka, lakini mama aliniuliza jana kwa simu kama wiki hii wamegawa, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hamu. Nikampeleka. Akampapasa shingo kama kawaida yake, akauliza, "Mkono wako?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Amekula. Nimekaa pale nikimsikia anavunja mifupa. Basi nimekuwa kama wao, tena nimewapita, maana wao wanamdanganya mteja wasiyemjua.

19 Aprili

Nimegombana na Mama Pacha. Ni Jumapili, mvua imetufungia ndani, wasichana walikuwa wanachora sakafuni, nami nikawafokea kwa sababu ya penseli. Wamenikimbia. Akaja na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Kaka ameniambia," alisema. "Ameniambia kila kitu."

"Vizuri."

"Si vizuri. Baba Pacha, ulipokuwa unaamini ulikuwa unacheka. Ulikuwa unatania hata kuku. Sasa umepata huo ukweli wako, haya, umetuletea nini hapa ndani? Mshahara umepungua, watoto wanakukwepa, chakula changu unakitazama kama nimekitoa jalalani. Kama ni kweli, mbona haikufai?"

"Kwani kweli lazima ifae?"

"Isipofaa ya nini?"

Ni swali lile lile la shemeji na la Tajiri, tofauti ni kwamba yeye aliuliza huku anasokota kile kitambaa. Kama kipimo ni mtu anageuka kuwa nani, wao wametoka wazima na mimi nimetoka nimeoza. Nilimwambia sitaki kumdanganya mama. Akasema, "Basi usimdanganye. Lakini usituadhibu sisi kwa sababu unamwogopa." Akarudi kwenye vyombo vyake.

21 Aprili

Mvua. Bwawa limepasua ukingo.

24 Aprili, Ijumaa

Nimekwenda kwa mama mikono mitupu. Kuku wangu nilimwachia mfagiaji.

Alikuwa ameshabandika sufuria, maji yanachemka, kitunguu amekwisha kukata. Aliponiona bila mfuko akasema, "Hawakugawa tena?"

"Wamegawa, mama. Sikuleta."

Akazima moto. Alikaa kwenye kigoda chake, nami nikakaa chini karibu na mlango, kwa kuwa najua nanuka. Nikamwambia. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, habari za spika, za muhuri, za Tajiri na ukuta wake. Nilipofika pale yote niliyaona ni ya kujikosha. Nikasema, "Mama, mimi siamini tena. Tangu mwezi wa tatu. Na umekuwa unakula mkono wangu."

Jirani alikuwa anapepeta mchele barazani kwake, tukimsikia.

"Ijumaa ngapi?"

"Tano. Nne nilichinja mimi. Ya tano alichinja shemeji, nikakwambia ni mimi."

"Ile uliyosema hawakugawa?"

"Waligawa."

Akatikisa kichwa kama anayepanga vitu kabatini. "Umeacha kuamini, au umeamua kuacha?"

"Kumekatika, mama. Sikukata mimi."

"Unaswali?"

"Nainama. Nahesabu vigae."

"Na hao wenzako unaofanya nao kazi, wanajua?"

"Wanajua."

"Wakakwambia uninyamazie."

"Ndiyo. Wanasema usipojua huna dhambi, na ukila unafurahi, na mimi nikikwambia sikupunguzii kitu ila raha."

"Ni kweli," alisema mama. "Asiyejua hana dhambi. Hata mimi nilifundishwa." Akakusanya vitunguu alivyokata, akavirudisha kwenye bakuli, akafunika na sahani. "Sasa kwa nini umeniambia?"

Nilitafuta sababu kubwa. Sikuipata. Nikasema, "Kwa sababu unaniuliza. Kila Ijumaa unaniuliza."

Aliniangalia kwa lile jicho zima. Nimeshawahi kumwona mama akiwa na hasira, na nimemwona akiwa na msiba. Hii haikuwa mojawapo. Alikuwa kama mtu aliyepokea mzigo mzito bado amesimama, anatafuta pa kuutua.

"Ondoka, mwanangu," alisema. "Sikufukuzi. Nataka kulia, na sitaki uone."

Nimetembea hadi nyumbani kwenye mvua. Nilidhani ningejisikia mwepesi. Sijisikii mwepesi, najisikia mtu aliyempiga mama yake.

26 Aprili

Jirani yake amepiga simu. Mama amefunga tangu jana, atafunga siku tano. Kwa umri ule.

28 Aprili

Nimewaza kwamba shemeji ana haki. Nimewaza hivyo asubuhi, mchana, na jioni. Mama yangu yuko na njaa kwa ajili ya usafi wa moyo wangu. Firigisi mia nane.

29 Aprili

Nilipita kwake. Mlango ulikuwa umefungwa, alinijibu kutoka ndani: "Nipo. Leo ndiyo siku ya mwisho."

30 Aprili

Ameagiza kwa jirani: nije kesho mapema, nije na kisu changu cha kazi, kuku nisilete.

1 Mei, Ijumaa

Mvua haikunyesha. Nimeomba ruhusa nikaenda saa mbili.

Barazani kulikuwa na tetea mwekundu amefungwa miguu kwa kitambaa. Mama alimnunua mwenyewe sokoni, akiwa hai. Alikuwa amekonda usoni, kanga amejifunga kwa nguvu kama anayekwenda kuchota maji. Jirani alikuwa amesimama kwenye ngazi yake akisema aitwe mwanamume kutoka msikitini, kazi hii si ya bibi mzee asiyeona vizuri.

"Mwanamume gani?" mama akamjibu. "Nitajuaje kilichomo ndani yake? Mwanamke anaruhusiwa, nimeuliza." Akaninyooshea mkono. "Kisu."

Nikampa. Akapapasa makali, akaridhika. Akaniambia nimshike kuku, mabawa kwa mkono mmoja, miguu kwa mwingine, nimlaze, nimwelekeze kunakotakiwa. "Wewe kushika unaruhusiwa," alisema. "Kukata tu ndiko huruhusiwi."

Nimekata kuku wasiohesabika maishani. Ningeweza kummaliza yule tetea nimefumba macho, asijue hata kilichompata. Badala yake nilipiga magoti kwenye saruji nikiwa nimemshika, na moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu, jambo ambalo kwenye mnyororo hulisikii kwa sababu hakuna muda.

Mama akashika kichwa. Akataja Jina. Alilitaja mara moja, taratibu, kwa sauti ya kawaida kabisa ambayo huitumia kwa mtu aliyeketi karibu. Mimi sikusikia kitu chochote upande wa pili. Lakini yeye alikuwa anaongea na mtu, hilo nalijua, na nilimwonea wivu.

Akakata. Mkono ulitetemeka, kisu kikapita juujuu. Damu ilitoka kidogo ikanirukia kifuani, kuku akajipinda mikononi mwangu akitoa sauti mbaya. Jirani akageuza uso.

"Mishipa imekatika yote?" mama akauliza. Haoni vizuri karibu. Alikuwa ananitegemea mimi.

Haikuwa imekatika yote. Kuku alikuwa ananitazama. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema tayari, ili huyu mnyama apumzike kwa mkono wangu mama akigeuka, ili mama akae chini, ili ile damu iishe kumwagika kwenye kanga yake safi. Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Lingefaa kila mtu aliyekuwepo pale, na kuku pia.

"Bado, mama."

Hakuinua kisu. Akakandamiza, akavuta, akisema Jina tena, meno ameyauma.

"Sasa?"

"Mshipa mmoja bado. Kushoto kidogo. Chini. Hapo."

Nikasikia kisu kikigusa mfupa. Tetea akapiga mabawa mara mbili tatu, nikambana mpaka akatulia.

"Sasa?"

"Sasa tayari."

Alikaa kwenye ngazi, mikono yenye damu ameilaza mapajani, anahema. Nilibaki nimepiga magoti, nikiwa nimeshikilia kitu ambacho hakikuhitaji tena kushikiliwa. Kinyaa nilikisikia, sitasema uongo, ilikuwa kazi chafu, mbovu, ya kutisha, kuliko chochote nilichokiona kiwandani msimu huu wote. Nilidhani mama atalia. Alijifuta mashavu kwa mgongo wa mkono, akalipaka damu shavu moja.

"Ningemwita shemeji yako aje kushika," alisema, "angeniambia tayari mara ya kwanza. Nami ningekula."

Kisha akaniagiza nikachemshe maji ya kunyonyolea.